Asilimia Moja ya Ziada

Mwaka 2012 serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600. Benki mbili ndugu, Standard Bank ya London na Stanbic ya Dar es Salaam, zilijitokeza kuitafutia wakopeshaji. Ada ziliyoomba mwanzoni ilikuwa asilimia 1.4. Mambo yakasuasua. Baadaye mwaka huohuo ada ikapanda hadi asilimia 2.4, na katikati ikaingia kampuni ya tatu iliyosajiliwa Tanzania, EGMA, ambayo ndiyo ingelipwa ile asilimia moja iliyoongezeka. Piga hesabu: dola milioni 6. Miongoni mwa wakurugenzi wa EGMA alikuwemo kamishna mkuu wa Mamlaka ya Mapato wa wakati huo.

Machi 2013 mkopo ulipopatikana, dola milioni 6 zikaingizwa kwenye akaunti ya EGMA palepale Stanbic. Ndani ya siku chache sehemu kubwa ilikuwa imetolewa taslimu. Hapo watumishi wa Stanbic wakashtuka. Mamilioni ya dola yanatoka kwa noti, na hakuna anayeweza kuonyesha ni kazi gani EGMA ilifanya hata ikastahili malipo hayo. Wakapeleka wasiwasi wao juu, habari zikafika makao makuu Johannesburg, mawakili wa nje wakaitwa, na Aprili hiyohiyo benki ikajipeleka yenyewe kwa SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia makosa makubwa ya ulaghai na rushwa.

Naianza makala hii na kisa hiki kwa sababu kila ninapoulizwa kampuni hujikingaje na rushwa, watu hutarajia niwaonyeshe kitabu cha sera. Vitabu Standard Bank ilikuwa navyo. Ilikuwa na sera ya kuzuia rushwa, ilikuwa na utaratibu wa kuwachunguza mawakala na washauri, na wafanyakazi walikuwa wamepewa mafunzo. Kilichotokea ni kwamba London iliona EGMA ni mtu wa Stanbic, hivyo Stanbic ndiyo imchunguze. Stanbic nayo ilimpokea EGMA kama inavyompokea mteja yeyote anayefungua akaunti: vyeti vya usajili, vitambulisho vya wakurugenzi, sahihi. Kwamba mteja huyo alikuwa pia analipwa kwa kufanikisha biashara ya benki na serikali, na kwamba mkurugenzi wake ni mtumishi mkubwa wa serikali hiyohiyo, hakuna aliyeona ni kazi yake kuyaweka mambo hayo mawili mezani pamoja.

Ofisi yoyote yenye matawi inaijua hali hii. Fomu inazunguka, kila mwenye kalamu anatia sahihi kwa kuwa aliyemtangulia ametia, na mwisho wake karatasi ina sahihi tano na swali halijaulizwa hata moja. Swali lenyewe halikuhitaji shahada: huyu analipwa kwa kazi gani, na kwa nini bei imepanda ghafla kwa kiasi kilekile anachopewa yeye?

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 kuhusu hongo ina kifungu cha 7, ambacho wanasheria wa makampuni wamekihifadhi kama Fatiha. Kinasema kampuni ina hatia ikiwa mtu anayefanya kazi kwa niaba yake ametoa hongo ili kuipatia biashara, hata kama wakubwa wa kampuni hawakujua. Njia ya kujinasua ni moja tu: kuthibitisha kwamba kampuni ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Waendesha mashtaka hawakudai kwamba London walijua kuna hongo. Walichodai ni kwamba walishindwa kuizuia.

Novemba 30, 2015, Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano kati ya SFO na benki ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Namna faini ilivyopatikana inafaa kutazamwa kwa karibu. Mahakama ilichukua ada iliyobaki kwa benki baada ya EGMA kukatiwa chake, dola milioni 8.4. Ikazidisha mara tatu, kisha ikapunguza theluthi, kama anavyopunguziwa anayekiri mapema. Ikabaki milioni 16.8. Ile milioni 8.4 yenyewe nayo ikatemwa, maana hakuna sababu ya kumwachia mtu faida ya kazi chafu. Juu ya hapo Tanzania ikalipwa dola milioni 6 pamoja na riba iliyozidi milioni moja. Na mahakama ilizingatia kwa uzito kwamba benki ilijisalimisha haraka, kabla haijafuatwa.

Haraka hiyo ilitoka kwa nani? Kwa watumishi wa tawi la Dar es Salaam waliosema kilichowatatiza. Lau wangenyamaza, benki ingesubiri hadi ifuatwe, na hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Kwa maoni yangu hapa ndipo pesa za kuzuia rushwa zinapaswa kuelekezwa: kwa keshia, mhasibu msaidizi, mtunza stoo, dereva anayejua bahasha inapelekwa wapi. Badala yake makampuni mengi huzimalizia kwenye semina ya hotelini, na washiriki wa semina ni mameneja, yaani watu ambao wakati mwingine ndio wenye bahasha.

Sheria zetu zimeanza kuelekea huko. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi, ya umma au ya binafsi, iwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa na shughuli zake. Duka la vipuri sokoni Gikomba, Nairobi, halidaiwi kinachodaiwa benki. Inamtaka pia mwenye madaraka anayeshuku hongo atoe taarifa ndani ya saa 24. Tanzania ilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi mwaka 2015. Lakini sheria hailali na mtoa taarifa kwenye kituo chake cha kazi. Kumwadhibu mtu bila kumgusa ni rahisi sana: unampa uhamisho, unamnyima safari za posho, unamwacha anakaa kwenye meza isiyo na kazi hadi aandike barua ya kuacha mwenyewe. Bodi inayotaka kweli kulinda watu wake hufuatilia aliyetoa taarifa yuko wapi mwaka mmoja baadaye.

Yote haya yanatufikisha kwenye haki za binadamu, ingawa makampuni mengi huziweka ofisi nyingine kabisa, pamoja na madawati ya shule na mbio za hisani. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizopitishwa Juni 2011, zinataka kampuni izuie madhara inayoyasababisha yenyewe na pia yale yanayofungamana na shughuli zake kupitia washirika wake. Ni mlango uleule alioingilia EGMA: mtu wa kati, mkono wa kukodi. Kwenye hongo ni wakala au mshauri. Kwenye haki za binadamu ni kampuni ya ulinzi, wakala wa ajira, au polisi waliowekwa getini kwa makubaliano.

Mfano wa karibu ni mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime. Ulinzi wake ulitegemea pia polisi wa serikali, kwa makubaliano na mgodi. Wanavijiji waliouawa na kujeruhiwa kwa risasi ndio kiini cha kesi iliyofunguliwa London mwaka 2013 dhidi ya African Barrick Gold. Ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Mgodi ulikuwa na utaratibu wake wa kupokea malalamiko, lakini mashirika ya RAID na MiningWatch Canada yaliukosoa vikali, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba watu waliopewa fidia walitakiwa kutia saini kuahidi kutoishtaki kampuni. Mjane anawekewa mbele yake karatasi ya kisheria na pesa kwa pamoja. Sioni ni uhuru gani wa kuchagua aliobaki nao.

Fidia ya rushwa ni nyepesi kuihesabu, na mpokeaji wake, serikali, anajulikana. Fedha za kisa cha BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza iliyoiuzia Tanzania rada, pauni milioni 29.5, zilielekezwa kwenye elimu, vitabu na madawati. Aliyepigwa risasi ya mguu ni mtu mmoja mwenye jina, hana wakili, na pengine alikuwa anaokota mawe ya dhahabu bila ruhusa, jambo ambalo kampuni haitaacha kumkumbusha.

Ndiyo maana nikiitwa kukagua kampuni, sera naisoma mwisho. Kwanza naomba orodha ya mawakala, washauri na walinzi wote wanaolipwa, kila mmoja na kazi aliyoifanya mwezi uliopita. Kisha naomba daftari la malalamiko. Mara nyingi orodha huchukua wiki kupatikana, na daftari huja siku hiyohiyo, jipya, halijaandikwa kitu.