Je, Wajua? Kabureta Haijui Mlima

Je, wajua kwamba pikapu kuukuu ya kabureta, tuseme Peugeot 404, inaweza kurekebishwa Mombasa ikaunguruma vizuri, kisha ikafika Nairobi ikitoa moshi mweusi ilhali hakuna kilichoharibika? Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Tundu la jeti, linalopitisha petroli, halibadiliki, kwa hiyo petroli huzidi hewa. Mchanganyiko unaoungua sawasawa ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli.

Shahidi asiyedanganya ni plagi. Masizi meusi makavu: petroli imezidi. Nyeupe: hewa imezidi. Kahawia isiyokolea ndiyo inayotakiwa.

Kabla ya kushika bisibisi, kagua kichujio cha hewa na nyaya za plagi, maana kabureta husingiziwa mengi. Kisha iache injini ipate moto mpaka choki ifunguke kabisa. Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole hadi mlio uwe wa kasi na laini kuliko wote, ndipo ushushe silensa, yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama. Usiikaze skrubu hiyo kwa nguvu hadi mwisho. Ncha yake ni nyembamba kama sindano, na ikishapondeka hutapata tena kipimo sahihi. Na ukiizungusha bila mlio kubadilika, tafuta gasketi inayopitisha hewa chini ya kabureta, au kijitundu cha silensa kilichoziba uchafu.