Nyambizi ya Titan: Kwa nini huko chini hakuna wa kukuokoa

Juni 2023 ilikuwa haipiti jioni barazani kwetu bila kuzungumzwa ile nyambizi iliyopotea ikienda kutazama mabaki ya meli ya Titanic. Kahawa ilinywewa, kashata zikaliwa, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mzee mmoja jirani yetu, baharia mstaafu, alisikiliza mpaka akachoka. Akanigeukia, akanambia: "Mwanangu, sisi mtu akianguka majini tulikuwa tunageuza chombo. Hawa wana meli, wana ndege, wana mapesa. Mbona hawashuki wakawatoa?"

Siku zile sikuwa na jibu la maana. Nimeifuatilia habari ile mpaka ripoti ya uchunguzi ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ilipotoka Agosti 2025, na leo nataka kumjibu mzee wangu. Nakujibu na wewe msomaji, kwani jibu lenyewe linatugusa sisi watu wa bahari.

Yaliyotokea

Jumapili ya tarehe 18 Juni 2023, Titan ilishuka majini karibu kilomita 600 kutoka pwani ya Newfoundland, nchini Kanada. Ndani walikuwamo watu watano. Stockton Rush, mkuu wa kampuni ya OceanGate, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Wengine ni Paul-Henri Nargeolet, mzamiaji mkongwe wa Kifaransa aliyeijua Titanic kuliko wengi; Hamish Harding, tajiri wa Kiingereza; na Shahzada Dawood, wa familia ya wafanyabiashara wa Pakistan, pamoja na mwanawe Suleman, kijana wa miaka 19. Nafasi moja iliuzwa kwa dola 250,000.

Baada ya saa moja na dakika 45 hivi, mawasiliano yakakatika. Walinzi wa Pwani hawakujulishwa mpaka jioni. Hapo dunia nzima ikaanza kuhesabu, maana hewa ya ndani ilisemwa inatosha saa 96 tu. Ndege za Kanada zikadondosha maboya yenye vinasa sauti. Ndege za jeshi la Marekani zikabeba mitambo hadi mji wa St. John's. Ufaransa ikaituma meli yake L'Atalante ikiwa na roboti yenye uwezo wa kufika mita 6,000. Ziliposikika sauti kama za kitu kinachogongwa, jamaa wa waliomo wakashika matumaini.

Alhamisi, tarehe 22, roboti moja ikafika chini na kukuta vipande vya Titan, kama mita 500 kutoka omo ya Titanic. Kumbe vinasa sauti vya jeshi la majini la Marekani vilikuwa vimenasa mshindo siku ile ile ya Jumapili. Wale watu walikuwa wameshakufa kabla msako haujaanza.

Uzito wa maji

Kila mita 10 unazoshuka baharini, maji yanakuongezea mzigo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba ya mwili au chombo chako. Titanic imelala karibu mita 3,800 chini. Tazama ukucha wa kidole chako cha gumba. Huko chini, sehemu ndogo kama hiyo inabeba karibu kilo 380, yaani zaidi ya mifuko saba ya saruji. Sasa zidisha kwa ukubwa wa chombo kizima.

Kwa hiyo nyambizi ya kina kirefu haitoboki kama dau, ikaingia maji kidogo kidogo nanyi mkafua. Ukuta ukishindwa, chombo chote kinapondeka kwa kuingia ndani, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Waliomo hawapati hata nafasi ya kuogopa.

Kwa nini hawafikiki

Mzee aliuliza mbona hawashuki. Wanaozamia kwa burudani, kama wale tunaowaona Watamu na Diani, kikomo chao ni mita 40. Wazamiaji wa kazi, wenye mitambo maalumu na hewa iliyochanganywa, hufika mamia ya mita. Kwenye mita 3,800 hakuna mzamiaji. Ni roboti au nyambizi nyingine tu, na duniani kote zinazofika huko ni chache. Siku ya ajali huwa ziko bandari za mbali, na kuzileta ni kazi ya siku kadhaa.

Tena kuna kutafuta. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye maji ya bahari, wala satelaiti haikuoni. Kinachosafiri huko ni sauti peke yake. Eneo lililosakwa lilizidi kilomita za mraba 20,000, na chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa chini ya mita saba.

Na hata wangekipata kizima, mlango wa Titan ulifungwa kwa nje kwa boliti 17. Ingeweza kuibuka juu salama, na waliomo wakakosa hewa huku wanaliona jua.

Je, imewahi kutokea watu wakaokolewa? Naam. Mwaka 1973 nyambizi ndogo iitwayo Pisces III ilizama kusini mwa Ireland ikiwa na watu wawili, Roger Chapman na Roger Mallinson. Ilikwama kwenye kina cha karibu mita 480. Nyambizi nyingine zilishuka, majaribio yakashindwa moja baada ya jingine, mwishowe kamba zikanasa na chombo kikavutwa juu baada ya saa 76. Hewa iliyobaki ilikuwa ya dakika 12. Basi fahamu kwamba Titanic iko chini mara nane kuliko hapo.

Sisi hapa hatuhitaji kwenda mbali kuelewa. Septemba 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri pale Likoni, mama na mwanawe mdogo wakapotea mbele ya macho ya watu. Kina kilikuwa mita 58. Jeshi letu la wanamaji lilikuwapo, wazamiaji wa kutoka nje wakaja, na bado ilichukua siku 13 kulitoa gari lile, ndani ya mkondo ambao watu wanauvuka kila siku. Nani aliyesimama pale ufuoni siku zile atakayesahau? Ikiwa mita 58 mlangoni mwetu zilitutoa jasho namna ile, mita 3,800 katikati ya Atlantiki ni nini?

Maonyo yalikuwapo

Hapa ndipo penye uchungu. Kina peke yake hakikuwaua. Ipo nyambizi ya titaniamu iliyoitwa Limiting Factor, iliyokaguliwa na kupewa cheti na wakaguzi wa vyombo, ambayo imefika mara nyingi kwenye kina cha zaidi ya mita 10,000 na watu wake wakarudi nyumbani.

Titan haikuwa na cheti cha mkaguzi yeyote wa nje. Bodi yake ilisukwa kwa nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi, na ncha zake mbili zilikuwa za titaniamu. Nyuzi hizo ni kama kamba: ukizivuta zina nguvu ajabu, lakini ukizisukuma na kuzibana hujikunja na kuachana. Na bahari haivuti, inabana.

Mwaka 2018 David Lochridge, aliyekuwa mkuu wa shughuli za baharini wa kampuni hiyo, alionya kwamba chombo si salama. Akafukuzwa kazi. Mwaka huo huo wataalamu wa nyambizi zaidi ya 30 walimwandikia Rush wakimtahadharisha. Yeye aliona ukaguzi unachelewesha ubunifu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii hakuvunjika peke yake.

Julai 2022, Titan ikirudi juu, ulisikika mshindo mkubwa. Vipimo vya kampuni yenyewe vilionyesha bodi imebadilika. Badala ya kuisimamisha, waliifanyia safari zaidi, kisha wakaiacha nje msimu wote wa baridi kali ya Kanada bila hifadhi ya maana. Ripoti ya Agosti 2025 ilisema wazi: ajali hii ingeweza kuzuilika. Ikaeleza pia kwamba wafanyakazi walitishwa kwa kufukuzwa ili wanyamaze.

Sheria ilikuwa wapi? Safari zilifanyika bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi, na chombo hakikupeperusha bendera ya nchi yoyote. Abiria hawakuitwa abiria, walipewa cheo cha wataalamu wa safari, na wakatia saini karatasi inayotaja kifo zaidi ya mara moja. Mtu ukimtoza pesa zote hizo, kisha ukambadilisha jina ili sheria ya abiria isimhusu, umeshajua unachokificha.

Linatuhusu vipi

Hakuna anayeuza safari za Titanic Mombasa. Lakini tunaishi kwa utalii wa bahari: boti za vioo Malindi na Watamu, safari za pomboo Kisite, na wazamiaji Diani. Machi 2025, huko Hurghada, Misri, nyambizi ya watalii iitwayo Sindbad ilizama karibu na pwani ikiwapeleka watu kutazama matumbawe. Warusi sita walikufa. Wengi waliokoka kwa kuwa walikuwa karibu na uso wa maji na msaada ulikuwa hapo hapo. Hiyo ndiyo tofauti ya kina kifupi na kirefu, lakini hata kwenye kina kifupi sita hawakurudi.

Kwa hiyo, kabla hujapanda au kumpandisha mgeni wako, uliza maswali matatu. Nani asiye mwenye chombo aliyekikagua, na lini? Tukikwama, nani atakuja, na atafika baada ya saa ngapi? Na mfanyakazi akisema leo tusiende, husikilizwa au hufukuzwa? Ukiona mwenye chombo anachukia kuulizwa, shuka. Nauli hutafutwa tena.

Nilimweleza mzee haya yote. Akaniambia kwamba zamani chombo hakikushushwa majini mpaka fundi amekipita ubao kwa ubao na kalafati yote imetazamwa, na nahodha akisema hapana, haendi mtu, hata shehena iwe ya nani. Akamaliza kahawa yake, akasema, "Basi hao walikuwa wa kuokolewa wakiwa bado nchi kavu."

Nami sina la kuongeza kwenye jibu lake.