Mbu wa Ziwa Mweru wasioogopa dawa

NCHELENGE, Zambia — Anayelala Kashikishi akisubiri mzigo wa chisense hukumbuka chandarua kabla ya bei. Wilaya ya Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi Zambia, na mwenezaji mkuu ni mbu Anopheles funestus, anayezaliana kwenye maji yenye majani na kuuma ndani ya nyumba usiku.

Mbu huyu amekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa iliyomo katika vyandarua karibu vyote, na hata kwa kabameti. Ndiyo maana mwaka 2014 upuliziaji wa nyumba wilayani ulihamia Actellic, dawa ya jamii nyingine.

Kwa kawaida usugu hupimwa kwa kumweka mbu hai kwenye dawa saa moja, kisha kuhesabu waliokufa kesho yake. Wakifa chini ya asilimia 90, ni sugu. Kipimo kizuri, ila huchelewa: kinapoonyesha, tatizo limeshaenea.

Vinasaba huwahi. Mguu mmoja tu wa mbu unatosha kutafuta jeni kama CYP6P9a na CYP6P9b, zinazohusika na vimeng'enya vya kuivunja dawa mwilini mwake.

Jeni hazigongi muhuri forodhani. Ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya Kongo, ni mwendo wa boti tu. Kupima upande mmoja ni kupima nusu.

Kwa mwenye kuuza vyandarua: soma lebo. Chenye PBO kina kizuizi cha vimeng'enya hivyo. Chenye pairethroidi peke yake hakina.