Nani Hugharimia Mwisho wa Kichezeo cha Betri

Mwanasesere anayezungumza, yule ambaye mtoto akimbonyeza tumbo huimba au hulia, amebeba ndani yake bodi ya saketi, yaani kibao chembamba chenye njia za shaba zinazopitisha umeme, pamoja na spika yenye sumaku na waya uliozungushwa, na betri ambazo mara nyingi ni za mviringo mfano wa zile za saa. Gari la rimoti huongeza mota na kipokea mawimbi, na ndege ndogo isiyo na rubani huongeza betri ya lithiamu ambayo ikipondwa au kutobolewa huweza kuwaka moto. Kwa vilivyomo ndani, kichezeo cha namna hii ni ndugu wa redio na simu, na kikiharibika kinastahili kwenda kunakokwenda taka za kielektroniki. Lakini kwa kuwa nje yake ni manyoya na plastiki ya rangi, wazazi wengi hukitupa jalalani pamoja na maganda ya ndizi, wala hakuna anayeweza kuwalaumu, kwa sababu hawakuelezwa.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2023, pale WEEE Forum, muungano wa kimataifa wa mashirika yanayokusanya taka za kielektroniki, ulipotangaza makadirio uliyofanyiwa na UNITAR, taasisi ya mafunzo na utafiti ya Umoja wa Mataifa, kwamba vichezeo vya kielektroniki vipatavyo bilioni 7.3 hutupwa duniani kila mwaka, karibu kimoja kwa kila binadamu.

Kwa miaka mingi gharama ya kuondoa taka iliangukia halmashauri za miji, na kupitia kwao mlipakodi, hata yule asiye na mtoto wala kichezeo. Mwaka 1990 mtaalamu wa Sweden, Thomas Lindhqvist, alipendekeza kwa wizara ya mazingira ya nchi yake utaratibu ambao baadaye ulienea ulimwenguni kwa jina la wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji: anayetengeneza bidhaa aendelee kuwajibika nayo hata baada ya mnunuzi kuichoka, kwa kugharimia ukusanyaji wake, uchambuaji wake na urejelezaji wake, yaani kugeuza vilivyomo kuwa malighafi upya. Shabaha yake haikuwa kutafuta fedha za kuzolea taka tu. Alitaka mhandisi anayechora kichezeo ajue kwamba kila tone la gundi analoongeza litamrudia mwajiri wake kama gharama, ili achague skrubu badala ya gundi, na plastiki ya aina moja badala ya tano.

Umoja wa Ulaya uliufanya wajibu huo kuwa sheria kwa vifaa vya umeme na kielektroniki mwaka 2003, ukitaja vichezeo waziwazi miongoni mwa vifaa vinavyohusika, na ukamhesabu mwagizaji kutoka nje kuwa mzalishaji, kwa sababu asipohesabiwa, kiwanda kilichoko bara jingine hakiwezi kufikiwa na mkono wa sheria. Marekebisho ya mwaka 2012 yaliyataka maduka makubwa, yenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme na kielektroniki la mita 400 za mraba au zaidi, yapokee bure vifaa vyote vilivyochakaa ambavyo upande wake mrefu hauzidi sentimita 25, hata kama aliyevileta hanunui kitu. Kwenye karatasi, mwanasesere amepata njia ya kurudi.

Hata hivyo, utekelezaji umemezwa na mizani. Wazalishaji wengi hawabebi wajibu wao mmoja mmoja. Hujiunga katika vyama vinavyowakusanyia taka kwa pamoja, na kwa kawaida kila mwanachama hutozwa kwa kadiri ya uzito wa bidhaa alizoingiza sokoni. Aliyefunga kichezeo chake kwa skrubu na aliyekijaza gundi hulipa sawa ikiwa vina gramu sawa, na hapo ndipo kusudio la Lindhqvist lilipopotelea. Lengo la ukusanyaji nalo, ambalo tangu mwaka 2019 ni asilimia 65 ya wastani wa bidhaa zilizouzwa katika miaka mitatu iliyotangulia, hupimwa kwa uzito wa jumla wa vifaa vya aina zote, na kwa kuwa friji moja huwa na uzito wa mamia ya vichezeo vidogo, nchi inaweza kulifikia lengo lake kwa mafriji na mashine za kufulia bila kuokota mwanasesere hata mmoja. Kasoro hii si ndogo, na haifai kuachwa kwa hoja kwamba vichezeo ni vyepesi, maana sumu na moto wa betri havingoji uzito.

Kwamba mzalishaji hubadilika gharama inapomwangukia yeye mwenyewe kulionekana Uholanzi mwishoni mwa mwaka 2001, ambapo serikali ilizuia mashine za michezo za PlayStation zaidi ya milioni 1.3 kwa sababu nyaya zake zilikuwa na kadimi, metali yenye sumu, kupita kiasi kilichoruhusiwa. Sony ililazimika kubadilisha nyaya hizo na kuanza kuwakagua kwa ukaribu wanaoiuzia vipuri.

Kenya imeuingiza wajibu huu katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 na kanuni zilizofuata mwaka 2024, ikiwapa wazalishaji hiari ya kuutimiza mmoja mmoja au kwa pamoja. Huko, ambako vichezeo vingi vya betri hutoka nje, mzigo mkubwa utawaangukia waagizaji, lakini mikono inayogusa taka ni ya waokotaji na wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao nao hulipana kwa kilo. Mota ya gari la rimoti ina shaba kidogo mno kumlipa mtu muda wa kuifungua, kwa hiyo huachwa jalalani au huchomwa pamoja na plastiki yake, na moshi wake huvutwa na walio karibu. Ada ya mwagizaji ikiishia katika akaunti ya chama bila kumfikia mwokotaji huyo, kwa malipo ya kila kichezeo anacholeta wala si ya kila kilo, hali haitabadilika. Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, NEMA, ina nafasi ambayo Ulaya iliikosa: kudai tangu mwanzo kwamba ripoti za vyama vya wazalishaji zihesabu vichezeo kwa idadi na katika safu yake peke yake, na kwamba ada ya kichezeo kinachofunguka kwa bisibisi iwe chini kuliko ya kile kisichofunguka ila kwa kuvunjwa.