Msimu wa kahawa: aliyekosa usingizi hajui kama amechoka



Kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa sita, kahawa inaiva kwa wingi kwenye vilima vyetu vya Kivu Kusini. Kila mara tunawaandikia juu ya kuchuma kahawa nyekundu tu, juu ya mbolea, juu ya kukausha vizuri. Leo tunaongea juu ya kitu ambacho kila mtu anakijua lakini hakuna anayekiweka kwenye programu ya kazi: usingizi.

Kazi yetu yenyewe njo inaiba usingizi. Kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo leo, kama siyo inaanza kuchacha ndani ya gunia. Watu wanachuma asubuhi, wanateremka kilima na mzigo, wanafika kwenye kituo cha kuoshea jioni. Hapo kuna kuchagua, kuna kupima, kisha mashine ya kumenya inazunguka mpaka usiku wa manane. Kahawa ikiingia ndani ya tanki, lazima mtu aamke kuigusa na kuangalia kama iko tayari kuoshwa. Na meza za kukaushia zinataka mlinzi usiku kucha.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja nilikesha mara mbili mfululizo kwenye kituo fulani. Usiku wa tatu nikasema miye njo nitashika kitabu cha kupokea kahawa, kwa sababu nilijiona niko na nguvu. Mama mmoja akaleta kilo 42. Mzani ulikuwa muzima, macho yaliona 42, lakini mkono uliandika 24. Siku ya malipo yule mama akasimama mbele ya watu wote: «Agronomu, kilo zangu ingine ziko wapi?» Bahati nzuri alikuwa amechunga kikaratasi alichopewa na mpimaji. Tukamlipa pesa yake yote palepale. Lakini wiki nzima watu walikuwa wanaulizana: na sisi wenye tulipoteza vikaratasi, tuliandikwa ngapi? Walikuwa na haki ya kuuliza, na sikuwa na jibu.

Usingizi unafanya kazi gani?

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji saa 9 mpaka 12, na vijana wa miaka 13 mpaka 18 saa 8 mpaka 10. Wakati tunalala, mwili haukai bure: unatengeneza misuli iliyochoka, unapanga mambo tuliyojifunza mchana, unaupa moyo nafasi ya kupumua, na unaimarisha askari wa mwili wanaopigana na magonjwa.

Usingizi ukipungua, kitu cha kwanza kuharibika ni uangalifu. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila litre ya damu. Katika nchi nyingi kiasi hicho kinatosha kumkataza dereva kushika usukani. Akifika saa 24 bila kulala, hali inakuwa mbaya karibu mara mbili. Sasa wewe hesabu: aliyeamka saa kumi na moja ya asubuhi kwenda kuchuma, ikifika saa nne ya usiku amemaliza saa 17. Na ni saa hiyo vidole vyake viko karibu na mashine ya kumenya.

«Miye nimezobelea»

Hilo njo jibu ninalolisikia kila msimu. Mlinzi ananiambia: «Agronomu, miye nimezobelea, saa nne zinanitosha.» Kumbe mwili hauzobelei. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lao: kuna watu waliolala saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Mwishoni uangalifu wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku mzima bila kufunga jicho. Wao wenyewe walijisikia wamechoka kidogo tu.

Hapa njo penye hatari, ndugu zangu. Njaa inajitangaza, jeraha linajitangaza, lakini uchovu wa usingizi unaziba macho ya mwenyewe. Kwa hiyo tusimuulize aliyekesha kama anaweza kuendelea. Atasema ndiyo, na hatakuwa anadanganya.

Na kama inaendelea miezi na miaka?

Mtu anayekosa usingizi muda mrefu anajiweka karibu zaidi na ugonjwa wa tansiyo, ugonjwa wa sukari na magonjwa ya moyo. Anashikwa na mafua upesi. Anakasirika bure nyumbani, anasahau, anakosa furaha. Mlinzi anayelala nje bila moskitere anaongeza hatari ya malaria juu ya ile ya kukesha.

Wengi wanajisaidia na kahawa yetu wenyewe. Kahawa inaficha usingizi, haiulipi. Nguvu yake inabaki ndani ya damu saa nyingi, kwa hiyo anayetaka kulala saa tatu ya usiku asinywe tena baada ya saa nane ya mchana. Kasiksi nayo inakulaza haraka, lakini inakuamsha katikati ya usiku na usingizi unakuwa wa vipande vipande.

Kooperativa inaweza kufanya nini?

1. Wekeni saa ya mwisho ya kupokea kahawa, kwa mfano saa kumi ya alasiri, na waambieni wachumaji mapema. Mashine ikianza mapema, inamaliza mapema.

2. Gawanyeni usiku kwa zamu mbili, na majina yabandikwe ukutani. Aliyefanya zamu ya usiku asiitwe asubuhi. Na asifanye usiku mbili zenye kufuatana, kama watu wanatosha.

3. Aliyekesha asiendeshe mashine, asipande pikipiki kama dereva, na asishike kitabu peke yake. Mmoja asome kilo kwa sauti, mwingine aandike, mwenye kahawa asikie na apewe kikaratasi.

4. Hesabuni kazi ya mama ya nyumbani. Mwanaume akitoka zamu, analala. Mama akitoka zamu, anakwenda kuchota maji na kupika. Hiyo si zamu moja, ni mbili. Mkimpanga usiku, bwana na watoto wakubwa wabebe kazi ya asubuhi.

5. Tengenezeni kibanda kidogo chenye moskitere kando ya meza za kukaushia, walinzi wawili wapokezane. Hata kusinzia dakika 20 kunarudisha uangalifu kidogo, lakini hakuchukui nafasi ya usiku mzima.

6. Anayelala mchana apewe chumba chenye giza, na watoto wacheze mbali.

Kama mtu analala vya kutosha na bado anasinzia mchana, au anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, aende kwenye kituo cha afya. Inaweza kuwa ugonjwa.

Tunajua kuna usiku ambao hauko mikononi mwetu. Mtoto ana homa, au milio ya risasi inasikika kilimani, nani atalala? Lakini usiku wa kahawa uko mikononi mwetu, kwa sababu sisi njo tunapanga kazi. Kabla mashine haijawashwa msimu huu, kaeni na komite, andikeni zamu. Gharama yake ni karatasi moja na kalamu. Kidole kilichokatika hakirudi, na imani ya mama aliyeandikwa kilo 24 inachukua muda mrefu kurudi.

Kazi njema, na mulale vizuri.