Jeraha la mionzi lisiloonekana katika kipimo cha damu

FEBRUARI 1999, fundi wa kuchomelea vyuma katika mtambo wa kufua umeme wa Yanango, nchini Peru, aliokota kipande kidogo cha chuma na kukitia katika mfuko wa nyuma wa suruali yake, upande wa kulia. Hakujua kwamba ni iridiamu-192, chanzo cha mionzi kilichokuwa kimechomoka katika kifaa cha kukagulia mabomba. Alikaa nacho kwa saa kadhaa. Baadaye mguu wake wa kulia ulikatwa.

Ajali za namna hii huwatatiza madaktari kwa sababu mionzi haiupati mwili wote kwa kiwango kimoja. Umbali kutoka kwenye chanzo ukiongezeka mara 10, nguvu ya mionzi hupungua mara 100. Paja linaweza kuungua hadi ndani ilhali kifua kimepata kiasi kidogo tu.

Kwa kawaida daktari huhesabu chembe nyeupe za damu aina ya limfosaiti, ambazo hupungua upesi baada ya mwili kupigwa na mionzi. Lakini uboho uliosalimika huendelea kutengeneza damu, hivyo hesabu hiyo inaweza kuonyesha nafuu huku nyama ya paja ikifa.

Uchunguzi wa kromosomu husaidia zaidi. Mwili ukipigwa wote kwa usawa, kasoro hutawanyika katika seli nyingi. Ukipigwa upande mmoja, seli chache huwa na kasoro nyingi kwa pamoja, na zilizobaki hazina kitu.

Hata hivyo, maelezo ya mgonjwa hayana mbadala: mfuko upi, muda gani, alikuwa amekaa au amesimama. Kwa majibu hayo wataalamu huigiza tukio zima katika kompyuta na kukadiria kiasi cha mionzi katika kila sehemu ya nyama.

Tatizo jingine ni kwamba jeraha lenyewe hudanganya. Wekundu hutokea mapema, na mara nyingi hudhaniwa kuwa mtu ameumwa na mdudu. Kisha hufifia, na kwa siku kadhaa au hata wiki mbili tatu ngozi huonekana kama imepona. Ndipo hufuata malengelenge, kidonda na maumivu makali ambayo hata mofini huweza kushindwa kuyatuliza.

Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji walikata nyama iliyokwisha kufa, wakaishia hapo. Kidonda kilifumuka tena, kwani nyama ya pembeni iliyoonekana nzima nayo ilikuwa imeathirika.

Desemba 2005, mfanyakazi wa ujenzi huko Nueva Aldea, Chile, alipatwa na mkasa unaofanana na ule wa Peru. Alipelekwa katika hospitali ya kijeshi ya Percy, jirani na Paris, Ufaransa. Safari hii madaktari waliongozwa na hesabu za kompyuta, wakaondoa nyama yote iliyokadiriwa kupata zaidi ya grei 20, kisha wakapandikiza ngozi yake mwenyewe.

Waliongeza jambo moja zaidi: seli za msingi zilizokuzwa maabara kutoka katika uboho wa mgonjwa huyo huyo, uliochotwa katika mfupa ambao mionzi haikuufikia sana. Hapo ule upigaji usio sawa uliowatatiza katika uchunguzi uliwafaa katika tiba. Seli hizo zilidungwa kwenye jeraha. Kidonda kilifunga na maumivu yakapungua.