Kwa Nini Neno Halifiki Nyuma ya Nguzo

Mtume Paulo, katika sura ya kumi ya Waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba imani huzaliwa katika kusikia. Lakini katika baadhi ya makanisa yetu mapya, makubwa na mazuri, waamini walioketi nyuma hurudi nyumbani siku ya Dominika bila kusikia vema hata somo moja. Lawama humwangukia msomaji au kipaza sauti, na parokia huchangishana kununua spika zaidi. Ni vema kwanza tuelewe sauti ni kitu gani, kwa maana spika za ziada mara nyingi huzidisha tatizo.

Sauti ni wimbi. Msomaji anapotamka neno, hewa iliyo mbele ya kinywa chake hubanwa kidogo, nayo huibana hewa iliyo jirani, hata mbano huo ufike masikioni mwetu. Hewa yenyewe haihami kutoka mimbarini kwenda mlangoni. Hutikisika mahali pake, kama mtumbwi ziwani unaopanda na kushuka wimbi linapopita chini yake. Kinachosafiri ni mtikisiko, kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Mwanga nao ni wimbi, ila hauhitaji hewa, na mwendo wake ni kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana tunauona umeme wa radi kwanza, ndipo ngurumo ifuate.

Hapo huzaliwa swali. Mwamini aliyeketi nyuma ya nguzo hamwoni padre, bali anamsikia. Ikiwa vyote viwili ni mawimbi, mbona kimoja huizunguka nguzo na kingine hukomea pale?

Padre Francesco Maria Grimaldi, Mjesuiti wa Bologna nchini Italia, aliuchunguza mwanga katika chumba chenye giza, akiuingiza kupitia tundu dogo sana. Alipoweka kijiti katika njia yake aliona kivuli kipana kuliko ilivyotazamiwa, na kandokando yake michirizi ya rangi. Kumbe mwanga nao hupinda! Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kifo chake, na tunafurahi kuwakumbusha wanaodhani Kanisa na sayansi ni maadui kwamba jambo hili liligunduliwa na mtawa.

Mwanga hupinda kidogo mno kwa sababu mawimbi yake ni mafupi mno: kutoka kilele kimoja hadi kingine haifiki sehemu ya elfu ya milimita. Sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la mita 3.4 hivi, nayo huizunguka nguzo ya nusu mita bila taabu. Lakini sauti nyembamba ya mitetemo 3,400 ina wimbi la sentimita 10 tu, na nyuma ya nguzo hiyo hudhoofika. Basi irabu hutegemea zaidi mitetemo ya chini, na konsonanti kama s, t na f mitetemo ya juu. Aliye nyuma ya nguzo husikia kwamba kuna mtu anasoma, ila hatambui kama amesema “sema”, “tema” au “hema”.

Tatizo la pili ni mwangwi. Saruji, vigae na vioo huirudisha sauti karibu yote, ilhali nguo na miili ya watu huinyonya. Sauti iliyorudi ikichelewa kidogo tu, sikio huiunganisha na ile ya kwanza. Ikichelewa zaidi ya sehemu ya 20 ya sekunde, yaani ikiwa imezunguka mita 17 zaidi, huanza kuvuruga maneno. Sasa tuweke spika moja mbele na nyingine mita 34 nyuma yake. Umeme wa wayani hufika kote mara moja, lakini sauti ya spika ya mbele huhitaji sehemu ya kumi ya sekunde kufika nyuma kwa njia ya hewa. Mwamini wa nyuma husikia kila silabi mara mbili. Kuongeza nguvu ya mitambo hapo ni kuongeza ghasia. Dawa ni fundi kuichelewesha spika ya nyuma kwa muda uleule, jambo ambalo mitambo mingi ya kisasa inaweza kulifanya.

Maelekezo Makuu ya Misale ya Kirumi, namba 311, yanataka waamini wasikie bila shida, kwa msaada wa vyombo vya kisasa. Basi kamati za ujenzi zifikirie dari na kuta kabla ya marumaru. Tena mitambo isipimwe Jumamosi kanisa likiwa tupu, kwa kuwa kanisa lililojaa watu huvuma kidogo zaidi. Ipimwe watu wakiwapo: msomaji ataje maneno ishirini yanayofanana, na walioketi nyuma ya nguzo waandike walichosikia, bila kitabu mikononi.